Ugomvi wa Beleshi Jekundu

Nilifika Shizuoka mwishoni mwa Machi 2014, nikimfuata mume wangu ambaye alikuwa ametangulia kwenda kusomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Shizuoka kwa ufadhili wa Serikali ya Japani. Mke wa mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi mpaka aombe kibali, na kibali chenyewe, kinapotoka, huandikwa nyuma ya kadi ya ukaazi kwamba mwenye kadi asizidishe saa 28 kwa wiki. Changu kilitoka mwezi Mei. Kwa kuwa nilikuwa nimefundisha chekechea mjini Moshi kwa miaka kadhaa, na Kiingereza changu kilitosha, shule moja ya binafsi ya watoto wadogo ilinichukua niwe ninaingia madarasani asubuhi kuimba na kuzungumza nao Kiingereza, kisha nibaki nao wakati wa chakula na michezo.

Nilitarajia darasa dogo. Nchi tajiri kama hii, nilijisemea, haiwezi kukosa walimu, na huenda kila mmoja akawa na watoto kumi tu. Nilikuta watoto 33 na mwalimu mmoja, binti mwembamba ambaye hata sauti hakuipandisha, na nikaelezwa kuwa hapakuwa na kosa lolote, kwa sababu kanuni za nchi wakati huo ziliruhusu hadi watoto 35 katika darasa moja la chekechea. Moshi nilikuwa na watoto wachache kuliko hao, nikiwa na dada wa kunisaidia, na bado nilikuwa nikirudi nyumbani koo limekauka.

Hakuna aliyekuwa akiandika herufi. Hilo lilinisumbua kuliko yote, maana mzazi wa kwetu anayelipa ada huuliza mapema kama mwanawe ameshajua kuandika jina lake, akiwa na hofu ya usaili wa kuingia darasa la kwanza. Hapa saa nne za shule zilikwisha kwa watoto kubadilisha viatu vya nje kwa vya ndani, kutundika taulo zao ndogo kwenye ndoano, kuimba mwalimu akipiga kinanda, kupanga meza, kula chakula walichofungiwa na mama zao, na kucheza. Zaidi ya yote walicheza, kwenye uwanja wenye shimo pana la mchanga, kila darasa na rangi ya kofia yake.

Mapokezi yangu nitayapita haraka. Mtoto mmoja aliuliza kama misuko yangu inauma. Mwingine, nilipochora Kilimanjaro ubaoni na kusema kuwa kina mita 5,895, alisimama na kupinga kwa heshima kwamba hakuna mlima unaoupita Fuji, ambao una mita 3,776 na ambao siku ya anga safi tuliuona kutoka mjini. Wenzake walimuunga mkono wote, na sikuwa na Kijapani cha kutosha kuitetea Moshi.

Ninachotaka kukisimulia kilitokea katika wiki zangu za mwanzo, baada ya chakula, kwenye ule mchanga. Mvulana mdogo wa kofia ya njano alikuwa akichimba mfereji kwa beleshi dogo jekundu la bati, ambalo lilipendwa kuliko yale ya plastiki kwa sababu lilikata mchanga wenye maji bila kupinda. Mwenzake, mkubwa kwa umbo, alikuja akalishika mpini. Wakavutana. Yule mdogo akaanza kulia kwa ile sauti ambayo mwalimu yeyote wa chekechea huisikia hata akiwa ofisini, na miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Ndipo mwalimu wa darasa, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma yao, aliponigusa kiwiko na kutikisa kichwa.

Nilidhani hajaona vizuri. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitikia kwamba ameona, akarudisha mikono yake nyuma, akaendelea kutazama. Wale watoto waliendelea kuvutana, mmoja akilia na mwingine akipiga kelele, na watoto wengine wakaacha ndoo zao wakaja kuwazunguka kama baraza la wazee. Kila mmoja alikuwa na la kusema. Msichana mmoja akaingia katikati, akamuuliza mkubwa jambo, akamuuliza mdogo, kisha akatoa hukumu yake: wacheze jankeni, ule mchezo wa mikono ambao ngumi ni jiwe, vidole viwili ni mkasi na kiganja ni karatasi. Wakacheza. Yule mdogo akashindwa. Akalia zaidi ya mwanzo, lakini akaliachia beleshi, na yule msichana akamfuta pua kwa kitambaa chake mwenyewe na kumpeleka upande wa pili wa mchanga.

Watoto walipoondoka na basi la shule, nilimwomba mwalimu mwenzetu aliyewahi kuishi Australia anitafsirie, kwa sababu sikutaka kulala na swali lile. Mwalimu wa darasa hakuonekana kushangaa. Alisema alikuwa akiangalia mikono yao muda wote: mchanga ukirushwa machoni, au beleshi likiinuliwa kufikia kichwa, angeingia papo hapo. Kulia hakukumtisha. Wengi wa watoto wale, alieleza, hawana ndugu nyumbani, au wana mmoja tu, kwa hiyo hawana mahali pengine pa kugombana na kupatana isipokuwa shuleni, na yeye akiwahi kuamua kila ugomvi, wote 33 watazoea kumtafuta yeye badala ya kutazamana. Kisha akaniuliza sisi hufanyaje. Nikamweleza kuwa kwetu mwalimu huita wote wawili, huuliza nani alianza, humtaka mkosaji aombe msamaha, na mambo yanaisha kabla wengine hawajakusanyika. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama huwa yanaisha kweli.

Jioni nilimsimulia mume wangu, akacheka sana. “Wewe mama,” alisema, “hata ndege wakigombana juu ya mti utapanda kuwaamua.”

Katika miezi iliyofuata nilijifunza kukaa mbali na mchanga, na nilikubali kwamba kipimo chake cha kutazama mikono ni kizuri. Ningependa walimu wenzangu wa Moshi wakijaribu. Ila jankeni sikuikubali. Yule mdogo ndiye aliyetangulia kulishika beleshi na mfereji ulikuwa wake. Kumzuia mtu mzima asiamue ni jambo moja, lakini kuiachia bahati imnyang'anye mwenye haki ni jambo jingine, na hilo nilimwambia mwalimu kesho yake kupitia mkalimani wetu yuleyule. Alinisikiliza, akainamisha kichwa, akasema watoto wenyewe waliona ni haki. Nikapendekeza basi linunuliwe beleshi la pili la bati. Akasema fedha zipo, ila haoni sababu.