HiAce ya kulala safarini: nilivyochagua matairi na ninavyoyatunza

Gari ulilolitia kitanda, jiko na tangi la maji haliishi kama daladala. Daladala hupakia na kushusha. Kabati nililolipigilia ukutani halishuki kituo chochote. Tena daladala haipumziki, ila HiAce yangu, ile ya umbo la zamani tunayoiita kipanya, inakaa uani Dar kwa wiki nyingi kuliko inavyokuwa barabarani. Kwa hiyo matairi yake hayamalizwi na kilomita. Yanamalizwa na uzito na umri, na nilipokwenda kununua mapya niliangalia hivyo viwili kabla ya kutazama kashata, ile mikato ya tairi inayogusa barabara.

Uzito kwanza. Rafiki yangu yuko kwenye ghala la nafaka lenye mizani ya malori. Nikajaza maji, mafuta na mtungi wa gesi, tukapanda mimi na mke wangu, kila kitu kama vile tunaondoka kwenda Iringa. Tukapandisha magurudumu ya mbele peke yake: kilo 1,050. Ya nyuma: kilo 1,320. Maana yake kila tairi la nyuma linabeba kama kilo 660, na la kulia zaidi kidogo kwa sababu tangi na jiko viko upande huo.

Nikaingia Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri Dar, na namba hizo mfukoni. Duka la kwanza nikapewa 195/65R15 91H, bei nzuri kweli. "Bosi, si ringi 15? Hizi zinaingia, watu wa HiAce wanafunga kila siku." Kuingia zinaingia. Lakini ile 91 ubavuni ndiyo namba ya mzigo, na 91 ni kilo 615. Mawili yanabeba 1,230, mimi nyuma nina 1,320, na hapo bado sijakanyaga shimo. Halafu ni fupi: gari lingeshuka karibu sentimita tatu, wakati mimi napenda njia zenye mawe. Nikamshukuru nikaondoka.

Nilichokuwa natafuta ni 195R15C 8PR, 106/104R. Hiyo C ya mwisho inaonyesha ni tairi la gari dogo la mizigo. 8PR ni kipimo cha ugumu tu, usidhani ukilipasua utahesabu matabaka manane ya nyuzi. 106 ni kilo 950 kwa tairi moja kila upande, 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili mawili, na R ni mwendo wa hadi kilomita 170 kwa saa, ambao kipanya changu hakitauona labda kikatike breki kwenye mteremko wa Kitonga. Ulaya yapo yanayotengenezwa mahsusi kwa magari ya kulala, yana herufi CP badala ya C. Ukiwa huko chukua hayo. Mimi C imenitosha.

Duka la pili walikuwa nayo, mtumba wa Japani, kashata imejaa, ubavu umepakwa dawa unang'aa. Hapa ndipo nilipopiga magoti. Tafuta maandishi DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. La kwanza lilisomeka 1814, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2014. Nikalikandamiza kwa kidole gumba pale kashata inapokutana na ubavu, na chini ya ile dawa vikafunguka vijistari vyembamba kama nywele. Mpira umekauka. Tairi la namna hiyo laweza kukupeleka sokoni na kukurudisha salama, lakini lipe kilo 660, lami ya saa nane mchana pale Ruaha Mbuyuni na mwendo wa 80, ndipo utajua kwa nini kashata ilibaki nzima. Jambo jingine: tarakimu za tarehe huwekwa upande mmoja tu. Ukikosa nje, mwambie fundi aligeuze. Usikubali "ni ya juzi juzi".

Nikanunua mapya matano, la akiba likiwemo, yote ya mwaka uleule. Nililipa karibu mara mbili ya mtumba.

Kabla ya kuyafunga nilipitia kwanza kwa fundi wa miguu ya gari. Ya zamani ya mbele yalikuwa yameliwa upande wa ndani, na kwa HiAce ya umri huu hilo si kosa la tairi. Bolijointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele, zilikuwa zimechoka, na busha moja, mpira wa kwenye viungo, imepasuka. Zikabadilishwa, ndipo ikafanywa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa. Usipofanya hivyo unalisha mpira mpya kwenye ugonjwa uleule. Valvu za mpira nazo nilibadilisha zote. Ni bei ya chai na chapati.

Upepo ndio kazi ya kila safari. Nina geji yangu, kwa sababu za vituoni kila moja ina maoni yake. Kutokana na ule uzito natia psi 38 mbele na 46 nyuma, asubuhi tairi likiwa baridi. Njiani upepo hupanda kwa joto, na ukisimama Morogoro kijana wa pancha atataka kukupunguzia: "Mzee, limejaa sana hili, litapasuka." Mwambie aache. Likipoa litakuwa na upungufu, na linalopasuka mara nyingi ni hilo lenye upepo mdogo, kwa vile ubavu unapindapinda hadi unachemka. Kwenye vumbi lenye makorongo napunguza kidogo na kutembea polepole, nikifika lami narudisha kwa pampu ndogo ya betri. Pancha ya kwenye kashata naziba kwa kiraka cha ndani. Ya ubavuni siizibi, na sikubali kutiwa tyubu ili mradi tufike. Tairi hilo linatoka.

Gari likikaa, nalisimamisha juu ya mbao, mbali na oili, na upande unaopigwa na jua la mchana naufunika kwa magunia. Naongeza upepo kidogo na kulisogeza kila baada ya wiki mbili tatu ili lisikae kwenye sehemu ileile. Jirani huniuliza naenda wapi, namwambia mita mbili.

La akiba ndilo husahaulika. Kwenye HiAce linaning'inia chini kwa nyuma, linakula matope na chumvi ya pwani, na kifaa cha kulishushia hushika kutu mpaka usiku wa mvua unapolihitaji. Mimi nalishusha kila ninapobadilisha oili: napima upepo, napaka grisi, nalirudisha. Naliweka pia kwenye mzunguko wa kubadilishana nafasi na mengine. Zamu ijayo linakwenda nyuma kulia, chini ya tangi, ambako kashata inaisha haraka kuliko kwingine kote.