Siku moja ukutani Heʻeia: kutoa mikoko, kurudisha mawe

Mtu wa Lamu au Rufiji akitukuta tunaangusha mkoko atakasirika, na kwao atakuwa na haki. Hapa Heʻeia, kisiwani Oʻahu, mkoko ni mgeni. Uliletwa Hawaii mwaka 1902, kisiwani Molokaʻi, ili ushike tope lililokuwa likiteremka baharini. Kabla ya hapo visiwa hivi havikuwa na mkoko hata mmoja. Ukasambaa, ukakaba mabwawa ya samaki ya Wahawaii, likiwemo hili la ekari 88 lenye ukuta wa mawe wa kilomita 2 hivi.

Saa 12 asubuhi tunaangalia maji. Hapa hakuna bamvua la Pemba; kati ya kujaa na kupwa mara nyingi haifiki mita 1, na muda wa kufanya kazi kwenye msingi wa ukuta ni mfupi. Chenso, mitaimbo, misumeno ya mkono, ndoo, turubai: vyote tayari.

Saa 2 wanafika wanafunzi na wazazi. Wanasimama nje na kuimba oli, wimbo wa Kihawaii wa kuomba ruhusa, wanangoja wenyeji waitikie. Kila mara yupo anayetaka kupita pembeni ili “tuanze kazi”. Kazi imeshaanza. Wakingoja wanafundishwa kilo, yaani kutazama kwa makini: upepo unatoka wapi, maji yamefika jiwe lipi, mvua iko mlima gani. Hizo ndizo taarifa zitakazoamua nani aende wapi.

Saa 3, kukata. Mkoko huu ukikatwa chini ya matawi yote yenye majani, kisiki hakichipui. Ukiacha tawi moja la kijani, mti unaendelea kuishi. Mizizi iliyo ndani ya tope tunaiacha ioze yenyewe, hata kwa miaka, kwa sababu kuing'oa kunatibua tope lote.

Mizizi iliyoingia ukutani ndiyo inayokula siku. Ukuta una nyuso mbili za mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji, katikati umejazwa vipande vya matumbawe. Kijana mwenye nguvu huona mzizi mnene kama kifundo cha mkono, anauvuta. Unakuja na mawe matatu, matumbawe yanamwagika, na shughuli ya dakika 20 inageuka ya nusu siku. Tunarudia mpaka sauti inakauka: usivute, kata. Mzizi unakatwa vipande vifupi. Mawe yanashushwa kuanzia juu, yanalazwa chini kwa mpangilio, makubwa mbali, madogo karibu. Mzizi ukishatoka, tunajenga upya: upande mrefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta, usilale kwa nje hata kama unapendeza hivyo. Jiwe lilale juu ya mawili. Kila safu ijazwe matumbawe kabla ya safu inayofuata. Kisha panda juu yake. Likitikisika, litoe, anza tena.

Jua linakuwa kali. Watu wamejipanga mstari, ndoo za matumbawe zinapita mkono hadi mkono, migongo inauma, saa hakuna anayeitazama tena. Wapo wanaouliza kwa nini tusilete mashine nzito. Uzito wake ungebomoa ukuta uleule tunaoujenga.

Wachovu wanapelekwa kwenye makaha, lango la fito zilizopangwa kwa nafasi ndogo. Vifaranga vya mkizi na mwatiko hupenya kuingia. Wakinenepa hawapenyi kutoka. Watoto wakishaelewa hilo, wanaona kwa nini pengo la hatua mbili ukutani ni hasara ya bwawa zima. Wengine wanachomeka vipande vya ʻakulikuli, mmea wa asili unaotambaa, kwenye kingo zilizosafishwa. Mmea huu hauzibi tope kama mkoko, na ʻaeʻo, ndege mwenye miguu mirefu ya waridi, anahitaji tope la wazi apate chakula.

Jioni maji yanajaa, na bado kuna kuokota. Miche ya mkoko iliyodondoka huelea miezi mingi ikiwa hai. Tunaikusanya kwenye turubai, tunaibeba hadi nchi kavu, mbali na maji, ikauke. Leo, watu 30, ukuta uliokamilika ni hatua nne.