Joka lipo, kulipanda ndiyo kazi

Jamani, jana usiku nimeitoa kwenye boksi diski ya Eragon ya PS2, ile gemu ya 2006 iliyotoka sambamba na filamu. Nikamwambia mdogo wangu, leo tunapaa na lile joka, Saphira, mpaka kuche.

Kupaa kwenyewe ni mara chache tu, na hata huko angani njia umeshapangiwa. Muda mwingi uko chini, unatembea kwa miguu yako, upanga mkononi, unakata maadui waitwao Urgal wanaomiminika kama abiria wanaogombea daladala ya mwisho. Kubonyeza kitufe kilekile mpaka dole gumba likafa ganzi. Kamera nayo imetegwa pale pale, huwezi kuizungusha. Kuna mahali nimekula mishale ya adui ambaye hata kwenye kioo hayupo!

Kizuri kimoja: mnacheza wawili. (Na mwandishi wa kitabu cha Eragon, kilichozaa filamu na gemu, alianza kukiandika akiwa na miaka 15, ndiyo maana naumia zaidi.)

Saa saba usiku dogo akaweka pedi chini, akapiga miayo: "Kaka, sasa hilo joka tunalipanda lini?"