Wimbi la Sentimita Nne

Jaribio la dhoruba lilikwenda vizuri. Modeli yetu ilikuwa ya jukwaa linaloelea juu ya nguzo nne, limepunguzwa mara 50, na mawimbi ya sentimita 20 tuliyotengeneza tangini yaliwakilisha mawimbi ya mita 10 ya bahari kuu. Maji yaliruka hadi karibu na sitaha, kelele ikajaa ukumbini, lakini jukwaa lilipanda na kushuka kidogo tu.

Mzee aliyesimamia majaribio akasema, "Sasa leteni yale madogo."

Tukangoja maji yatulie kabisa, maana wimbi linalorudi kutoka ukutani huharibu vipimo vinavyofuata. Kisha mashine ikaanza kusukuma taratibu, wimbi moja kila sekunde tatu, kimo chake sentimita nne. Ilibidi kuinama kando ya tangi ili kuliona.

Mawimbi mawili matatu yakapita bila jambo. Baada ya hapo jukwaa likaanza kupanda kuliko maji yenyewe. Nyaya za nanga zililegea, zikakazika kwa mshtuko, zikalegea tena. Vitufe vyeupe vilivyobandikwa sitahani kwa ajili ya kamera vilishuka hadi nikaogopa vitagusa maji.

"Mzee, mbona dhoruba haikufanya hivi?"

"Hesabu sekunde, mwanangu. Kimo kiache kwanza."

Nikahesabu. Modeli ikipunguzwa mara 50, muda hupungua kwa kipeuo cha pili cha 50, yaani mara saba hivi. Sekunde tatu za tangini ni kama sekunde 21 za baharini, na huo ndio uliokuwa mzunguko wa asili wa jukwaa letu, yaani muda linaotumia kupanda na kushuka mara moja likiachwa lenyewe. Nguzo zake ni nyembamba pale zinapokatiza uso wa maji, uzito wake ni mkubwa, na tena huburuta maji mengi yaliyolizunguka, kwa hiyo hurudi mahali pake polepole. Wimbi la dhoruba la sekunde 12 za baharini hugeuka kabla jukwaa halijaitikia. Lile dogo lilifika kila mara kwa wakati wake, likaongeza juu ya lililotangulia. Mawimbi marefu ya namna hiyo husafiri maelfu ya kilomita kutoka kwenye dhoruba za mbali, na yanaweza kufika siku ambayo anga ni jeupe.

Jambo hilo lilinigusa sana, kwa sababu watu hulala juu ya sitaha kama ile, na mabomba yanayopanda kutoka sakafu ya bahari hayavumilii kuvutwa ovyo.

Tukaamua kufunga sahani pana za chuma chini ya nguzo, ziburute maji zaidi na kupunguza mwendo. Zilipokwisha kufungwa, Mzee aliagiza wimbi lilelile la sekunde tatu. Jukwaa likatulia. Hakuridhika, akaagiza la sekunde tatu na nusu, kwa kuwa mzunguko ulikuwa umerefuka na ilibidi tuufuate huko ulikohamia.