Siku yangu na kidato cha kwanza wanaoogopa hesabu

Saa 1:10 asubuhi niko getini, zamu ni yangu. Waliochelewa wamejipanga wakingoja fimbo. Nawauliza kilichowachelewesha, nawapa mafagio. Mtoto akiingia kwenye hesabu viganja vinamuuma, mimi mwalimu wake nimeshampoteza.

Saa 2:00, vipindi viwili mfululizo. Wanafunzi 62, mada ni namba hasi. Wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, sasa somo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo wanabeba hofu mbili kwa pamoja. Kuna binti wa dawati la nyuma ambaye huinamisha kichwa kila nikigeuka kutoka ubaoni. Leo sikumnyanyua mtu. Niliandika hesabu moja tu, −300 + 500, nikaisema kwa Kiswahili: "Unadaiwa mia tatu dukani kwa Mangi. Mama kakupa mia tano. Ukilipa deni unabaki na ngapi?" Dakika mbili, kila mmoja anong'onezane na jirani yake kwanza. Darasa likavuma kama mzinga.

Nikafika dawati la nyuma. Daftarini aliandika 200, akafuta, akaandika tena, akafuta, hadi karatasi ikatoboka.

"Ulipata tangu mwanzo, mwanangu. Mbona ulifuta?"

"Nilijua haiwezi kuwa rahisi hivyo, mwalimu."

Saa 4:30, chai na mihogo ofisini. Mwenzangu anasema nawadekeza. Hapana. Hofu hula ile nafasi ndogo ya kumbukumbu tunayoshikia namba wakati wa kukokotoa. Mtoto anaweza kujua na bado akashindwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu hujiamini hasa kwa kufanikiwa mwenyewe, na pia kwa kumwona mwenzake akiweza. Maneno ya kutia moyo yanasaidia, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko hayo. Ndiyo maana naanza na hesabu wanayoiweza, kisha naongeza ugumu kidogo kidogo.

Mchana, kidato cha tatu, marudio ya mtihani.

Saa 9:00 nasahihisha. Siandiki sifuri kubwa nyekundu. Nazungushia hatua pale mawazo yalipokatikia, naandika "hadi hapa uko sawa".

Saa 2:00 usiku naandaa hesabu ya kufungulia kesho: −700 + 400. Nitaanzia dawati la nyuma. Nikikuta jibu halijafutwa, nitamwuliza kwa sauti ya chini kama yuko tayari kwenda ubaoni.