Jinsi tulivyowarudisha wanakijiji kwenye makumbusho yetu

Makumbusho yetu madogo huku Usukuma yalipata watalii tu; wanakijiji walipita nje. Nikafuta kiingilio kwao, wapi! Nikaenda kuwauliza. Bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, vyungu vyetu mmeviandika Kiingereza. Nije kusoma nini?"

Tukaanza na vibao. Bibi yule alishika chungu, akapitisha kidole ukingoni, akakitaja kwa Kisukuma na kueleza pombe ya mtama iliyochachia humo. Tukaandika maneno yake yaleyale, Kisukuma juu, Kiswahili chini.

Mwezi wa 6, baada ya mavuno, tukawapa Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma vya Wasukuma, uwanja wa kufanyia mazoezi ya ngoma zao za mashindano. Hapo ndipo geti lilipojaa. Sasa bibi ndiye anayewatembeza wajukuu.