Mapigo ya moyo yaliyokwama Januari 1970

Nilitaka kitu kidogo tu: data ya saa yangu ya mazoezi iingie kwenye mfumo uleule ninaochambulia logi za seva (kumbukumbu za matukio yake), nione hatua na mapigo ya moyo kwenye dashibodi moja. Skripti, yaani programu fupi niliyoandika, inaiita API ya saa (mlango ambao programu huombea data), inapokea data katika muundo wa JSON, inaituma kwenye mfumo huo. Hatua ziliingia bila shida. Grafu ya mapigo ikabaki nyeupe pe.

Nikakimbilia tokeni, ule ufunguo wa kidijitali unaoiruhusu skripti kusoma data. Kuishuku hakukuwa uonevu, maana asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimepata 401, yaani sijatambuliwa. Nikaihuisha, nikarudia, patupu. Nikahisi labda sikuomba ruhusa ya kusoma mapigo. Nikafuta idhini, nikaingia upya, nikaweka tiki kila mahali. Patupu tena. Nikawa naiendesha skripti mfululizo kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, mpaka API ikanirudishia 429: maombi yamezidi, ngoja. Hilo nilijitakia mwenyewe.

Kumbe kungoja ndiko kulikonisaidia. Nikafungua jibu moja nililokuwa nimelihifadhi, nikalisoma mstari kwa mstari. Mapigo yalikuwemo: 72, 75, 71. Na mfumo wa logi ulikuwa umejibu 200, yaani sawa, kila nilipotuma. Basi yamepokelewa, yako wapi? Dashibodi yangu huonyesha saa 24 zilizopita tu. Nikaondoa kikomo cha muda. Kushoto kabisa mwa grafu, peke yake, ukasimama mstari mwembamba: 20 Januari 1970.

Nikacheka. Muda wa hatua ulikuja kwa milisekunde, tarakimu 13, kama 1700000000000. Wa mapigo ulikuja kwa sekunde, tarakimu 10: 1700000000, yaani 14 Novemba 2023. Skripti yangu ilikuwa inagawanya zote kwa 1000 bila kuuliza. Mapigo yakabakiwa na sekunde 1700000, ambazo hazifiki hata siku 20 kuanzia 1 Januari 1970, siku ambayo saa ya Unix, hesabu ya sekunde inayotumiwa na kompyuta nyingi, huanza kuhesabu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja: gawanya pale tu tarakimu zinapozidi 10. Kazi ilikuwa kusafisha. Nilipotuma upya, hata hatua zikajirudia, na kwa siku moja nikaonekana nimetembea mara tatu ya kawaida yangu. Nikafuta zote, kisha nikaipa kila rekodi kitambulisho kinachotokana na aina yake na muda wake, ili ikitumwa tena iifunike ya zamani badala ya kukaa kando yake.

Mwisho nikaweka tahadhari inayonitumia ujumbe saa 6 zikipita bila pigo jipya. Juzi ilinitumia. Nikafungua logi, nikakagua tokeni, nikahesabu tarakimu. Saa ilikuwa kwenye chaja.